Prograf, Advagraf na Envarsus: Tathmini ya Mgonjwa Aliyezimeza Zote Tatu

Hii ni tathmini ya bidhaa tatu ambazo kwenye karatasi ya daktari zinaweza kuandikwa kwa neno moja tu, takrolimasi. Mimi ninaishi na figo ya kupandikizwa, huu ukiwa mwaka wa kumi na mbili, na nimezitumia zote kwa zamu: Prograf kwa miaka mitano ya mwanzo, Advagraf kwa minne iliyofuata, na Envarsus tangu hapo hadi leo. Sitazipima kwa kazi inayofanywa na dawa ikishafika kwenye damu, kwa sababu kiini chake, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya kidonge, ni kile kile na kazi yake ni ile ile ya kutuliza kinga ya mwili ili isikishambulie kiungo kigeni. Nitazipima kwa jambo ambalo mgonjwa mpya huwa haelezwi vya kutosha, yaani namna dawa inavyosafiri kutoka kwenye kidonge hadi kwenye damu, kiasi gani kinafika, kwa kasi gani, na kama kinachofika leo kinafanana na kilichofika jana.

Takrolimasi ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria aitwaye Streptomyces tsukubaensis, aliyekutwa kwenye udongo wa Tsukuba, Japani, na tangu mwanzo ilikuwa dawa yenye ukaidi. Inapenda mafuta na inakataa maji, ilhali ndani ya utumbo wetu kumejaa maji. Hata ile sehemu inayofanikiwa kuyeyuka, inapoanza kupenya kwenye ukuta wa utumbo mwembamba inakutana na vimeng'enya vya kundi la CYP3A vinavyoivunjavunja, pamoja na protini moja inayofanya kazi ya pampu, ambayo huikamata dawa iliyokwisha kuingia kwenye seli na kuirudisha ilikotoka. Ini nalo linachukua fungu lake. Mwisho wa safari, kwa mtu mzima aliyemeza Prograf, kinachobaki ni wastani wa asilimia 17 hadi 22 ya kile alichokitia mdomoni. Meza miligramu tano, inafika takribani moja.

Fungu linapokuwa dogo kiasi hicho, badiliko dogo kwenye ukuta wa utumbo huwa badiliko kubwa kwenye damu. Ndiyo maana tunda la balungi, ambalo huzuia vimeng'enya vya utumbo, limepigwa marufuku kwetu sote. Ndiyo maana pia nilipopata kuhara kwa siku nne katika mwaka wangu wa pili nilishangaa, kwa sababu nilitarajia kiwango cha dawa kishuke kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinapita bila kukaa, lakini kipimo kilionyesha kimepanda karibu mara mbili. Muuguzi aliyenipigia simu alinieleza kwamba utumbo uliojeruhiwa hupoteza vimeng'enya vyake na pampu zake, kwa hiyo mlango unabaki wazi na dawa inapita bila mlinzi. Sisi huwa tunatakiwa kubaki kati ya nanogramu 5 na 15 hivi kwa kila mililita ya damu, kutegemea kiungo kilichopandikizwa na muda uliopita tangu upasuaji. Ukishuka chini ya hapo kinga inaamka, na ukipanda juu ya hapo dawa yenyewe inaanza kuidhuru figo iliyoletwa kuilinda.

Kabla sijaingia kwenye bidhaa moja moja, naomba nipite kidogo kwa siklosporini, dada mkubwa wa takrolimasi, kwa sababu yote tunayoyajua leo kuhusu uzito wa muundo wa kidonge tulifundishwa naye. Siklosporini ilitoka kwenye kuvu aliyepatikana katika udongo wa Hardangervidda, Norwei, na kampuni ya Sandoz ya Uswisi ndiyo iliyogundua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba inatuliza kinga bila kuua seli ovyo. Ilipofika zamu ya kuijaribu kwa binadamu, ikiwa unga ndani ya kapsuli ya kawaida, haikuonekana kwenye damu. Mwanasayansi Jean-François Borel na wenzake wakaamua kuijaribu kwenye miili yao wenyewe, na Borel akainywa ikiwa imeyeyushwa kwenye pombe, jambo ambalo lilimlewesha kidogo, lakini kwenye damu yake dawa ilionekana. Nimekipenda kisa hiki tangu nilipokisikia. Dawa iliyokuja kubadilisha historia ya upandikizaji ilikaribia kutupwa, na tatizo halikuwa dawa bali chombo kilichoibeba.

Bidhaa ya kwanza sokoni, Sandimmune, iliidhinishwa Marekani mwaka 1983 na ilibebwa na mafuta. Mafuta hayo yalihitaji nyongo ili yavunjike kuwa matone madogo, kwa hiyo mtu ambaye nyongo yake haitiririki vizuri, hasa aliyepandikizwa ini, alikuwa anameza dawa inayopita tu. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanataja ufyonzwaji kuanzia chini ya asilimia 10 kwa baadhi ya waliopandikizwa ini hadi asilimia 89 kwa baadhi ya waliopandikizwa figo. Hebu fikiria daktari anayepaswa kuandika dozi akiwa na pengo la namna hiyo mbele yake. Neoral, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni siklosporini ile ile, lakini imechanganywa na mafuta, pombe na kiunganishi cha mafuta na maji kwa namna ambayo ikigusa maji ya tumboni inajigawa yenyewe kuwa matone madogo mno, bila kuitegemea sana nyongo. Kwa dozi ile ile, jumla ya dawa iliyoingia kwenye damu ya waliopandikizwa iliongezeka kwa asilimia 20 hadi 50, na kilele chake kikapanda zaidi ya hapo. Ndiyo sababu Sandimmune na Neoral hazibadilishwi moja kwa nyingine kiholela, ingawa jina la kiini kwenye boksi ni moja.

Tena kuna kisa cha SangCya, siklosporini ya maji iliyotengenezwa kuwa mbadala wa Neoral ya maji. Ilipimwa, ikaonekana inalingana, ikauzwa. Baadaye ikabainika kwamba ikichanganywa na juisi ya tufaha, jambo ambalo maelezo yake yaliruhusu, haifyonzwi sawasawa na Neoral, na mwaka 2000 ikaondolewa sokoni Marekani. Anayedhani kwamba maneno "changanya na kinywaji upendacho" ni ya kupamba karatasi tu, basi akikumbuke kisa hiki.

Sasa nirudi kwa zile tatu.

Prograf, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1994 kwa waliopandikizwa ini, ilikwepa ukaidi wa takrolimasi kwa njia nyingine. Badala ya mafuta, dawa imetawanywa ndani ya polima (kitu cha molekuli ndefu kama nyuzi) inayopenda maji, ikiwa haina umbo la fuwele, kwa sababu fuwele ni kama jiwe, huchelewa sana kuyeyuka. Polima ikilowa, dawa inaachiwa yote kwa haraka, na kilele kinafika kwenye damu kati ya saa moja na saa tatu. Humezwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili.

Nilikijua kilele hicho kwa mwili wangu kabla sijakijua kwa jina. Nikimeza dozi ya asubuhi saa moja, ilipofika saa tatu mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba sikuweza kutia ufunguo kwenye kitasa bila kuushika kwa mkono wa kushoto. Adhuhuri ulitulia. Saa tatu usiku ukaanza tena. Mtetemeko ni athari inayojulikana ya takrolimasi, na kwangu ulikuwa ukienda na saa kama kengele ya shule.

Udhaifu wake mwingine ni chakula. Kwa watu wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta mengi ulipunguza jumla ya dawa iliyoingia kwa asilimia 37 na ukakishusha kilele kwa asilimia 77. Mlo wa wanga mwingi nao ulipunguza, ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo unaambiwa umeze tumbo likiwa tupu, au angalau uchague utaratibu mmoja na kuushika kila siku. Mara mbili kwa siku, hilo ni kazi. Dozi ya asubuhi haikunisumbua kamwe, lakini ya jioni iliniharibia vikao vingi, na sioni aibu kukiri kwamba kuna jioni niliimeza katikati ya mlo kwa kuchoka kuhesabu saa. Hata hivyo Prograf ina sifa ambayo wenzake hawana: imezoeleka. Madaktari wanaifahamu nje ndani, dozi yake inarekebishwa haraka, na katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, wakati kila kipimo cha damu kinaleta mabadiliko, sikuona ubaya wowote wa kuwa na dawa inayoitika upesi.

Advagraf, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2007 na ambayo Marekani inauzwa kwa jina la Astagraf XL, ni takrolimasi ndani ya polima, lakini humo imeongezwa polima nyingine isiyopenda maji, ambayo kazi yake ni kuyachelewesha maji yasiifikie dawa kwa mara moja. Dawa inatoka polepole, na unameza mara moja tu kwa siku, asubuhi. Ukihama kutoka Prograf unachukua jumla ya miligramu za siku nzima na kuzimeza kwa pamoja. Kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza, lakini mwili hauifuati sawasawa: kwa wagonjwa waliokuwa wametulia, jumla ya dawa iliyoingia kwa saa 24 ilikuwa chini kwa takribani asilimia 10 ikilinganishwa na Prograf, na ndiyo maana kipimo cha damu kinatakiwa kurudiwa ndani ya wiki mbili baada ya kuhama. Kwangu kilishuka, dozi ikaongezwa kwa miligramu moja, mambo yakatulia. Jioni zangu nilirudishiwa, na kwa hilo peke yake ningeipa alama nyingi.

Mkasa ulionipata katika miaka hiyo haukutokana na kapsuli bali na kaunta. Katika duka moja la dawa, ambalo sitalitaja, nilipewa boksi lenye neno takrolimasi na miligramu zile zile nilizozizoea, nikatia sahihi na kuondoka. Kapsuli za Advagraf huwa na nusu moja ya rangi ya chungwa. Hizi zilikuwa nyeupe tupu. Niliona, na nikajiambia kwamba kiwanda kimebadilisha rangi. Kwa siku tisa nikawa namezea asubuhi dozi nzima ya siku ya dawa inayoachiwa yote kwa pamoja, mkono ukarudia kutetemeka kuliko zamani, na kipimo cha kabla ya dozi kikasoma 3.8 badala ya 7 na kitu niliyoizoea. Yaani nilikuwa na sumu nyingi asubuhi na ulinzi hafifu alfajiri, kwa miligramu ambazo hazikuwa zimebadilika hata chembe. Daktari alipoona namba hizo hakuuliza kama nilisahau dozi. Aliniambia, "Nenda ukaniletee boksi."

Makosa ya namna hii yalitokea kwa wengi kiasi kwamba mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri takrolimasi ya kumeza iandikwe na kutolewa kwa jina la biashara tu, si kwa jina la kiini. Kwa kawaida mimi ni mtetezi wa majina ya kiini, lakini hapa nakubaliana na mamlaka bila shingo upande. Na lawama nyingine naibeba mwenyewe, kwa sababu macho yangu yaliiona rangi na akili yangu ikaizima.

Jambo dogo kuhusu kifurushi: Prograf na Advagraf zote hukaa ndani ya bahasha ya alumini yenye kifuko cha kunyonya unyevu, kwa sababu unyevu unaudhuru muundo wenyewe. Kapsuli itolewe kwenye mkanda wake pale unapokuwa tayari kuimeza. Wale wanaopenda kuzipanga za wiki nzima kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku, kama nilivyofanya mimi kwa muda mrefu, wajue kwamba wanaiharibu kazi iliyofanywa kwa uangalifu kiwandani. Kifuko chenyewe kisimezwe, onyo ambalo nililicheka hadi siku nilipokishika gizani.

Envarsus, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka uliofuata, si kapsuli bali kidonge cheupe chenye umbo la yai, upande mmoja kimechorwa herufi TCS na upande wa pili namba ya miligramu. Utengenezaji wake unaitwa MeltDose. Dawa huyeyushwa ndani ya kibebeo kilichoyeyuka, ikapuliziwa juu ya chembechembe, kisha ikagandishwa, hivi kwamba inabaki imetawanyika kwa udogo mno ndani ya kidonge. Kidonge hicho humumunyuka polepole kuliko Advagraf na huendelea kuiachia dawa chini zaidi ya utumbo, hadi kwenye utumbo mpana. Hapo ndipo penye werevu wake, kwa sababu vimeng'enya vya CYP3A hupungua kadiri unavyoshuka chini, na dawa inayofunguliwa huko haikutani na walinzi wengi.

Matokeo yake yanaonekana kwenye dozi yenyewe. Maelezo ya Marekani yanaelekeza kuanza na asilimia 80 ya jumla ya miligramu za siku ulizokuwa ukimeza, na ya Ulaya yanashusha hata zaidi, hadi asilimia 70. Mimi nilitoka miligramu saba nikaingia tano, na kipimo cha damu hakikushuka. Kilele chake hufika baada ya saa sita hivi badala ya mbili na huwa kifupi, kama kilima mahali palipokuwa na mlima. Utafiti mmoja mdogo uliwahamisha wagonjwa waliokuwa wakitetemeka kutoka dawa ya mara mbili kwa siku na kuona nafuu. Ulikuwa utafiti ambao kila mtu alijua anameza nini, kwa hiyo ningeupokea kwa tahadhari, lakini mkono wangu unatoa ushahidi wa upande huo huo. Funguo natia kwa mkono mmoja sasa.

Kuna kundi ambalo naamini linafaidika zaidi na muundo huu. Baadhi ya watu wamerithi kimeng'enya cha CYP3A5 kinachofanya kazi kwa nguvu, na hao huhitaji dozi mara moja na nusu hadi mara mbili ya wenzao ili kufikia kiwango kile kile. Wengi wa watu wenye asili ya Afrika tumo humo. Kwa kutumia dawa inayoachiwa upesi, daktari anayeusaka ule usomaji wa alfajiri, yaani wa kabla ya dozi, analazimika kuongeza dozi, na kila ongezeko linainua kilele na kuleta mtetemeko, kichwa kuuma na usingizi wa mang'amung'amu. Dawa yenye kilele kifupi inawapunguzia adhabu hiyo. Ningependa kipimo cha urithi huu kifanywe kabla ya upasuaji, badala ya mgonjwa kugunduliwa baada ya wiki tatu za kukimbizana na namba.

Kasoro za Envarsus nazo zipo. Bado inataka tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Haikatwi, haisagwi, haitafunwi, kwa kuwa muundo ndio dawa, na ukiuvunja umebaki na unga tu, kwa hiyo mtu asiyeweza kumeza vidonge vizima au mtoto mdogo haimfai, wakati takrolimasi ya haraka inapatikana hata kwa chembechembe za kukorogwa kwenye maji. Nguvu zake za 0.75, 1 na 4 zinasumbua hesabu. Na kwa kuwa inatembea polepole, daktari akibadilisha dozi leo, kipimo cha kesho hakina maana, sharti usubiri wiki nzima hivi ndipo damu itulie.

Nyingine zilizomo kwenye kisanduku changu nazipitia kwa haraka. Mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ipo kwa miundo miwili: CellCept, inayohitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na Myfortic, iliyofunikwa ganda linalofunguka kwenye utumbo. Anayemeza dawa za kupunguza asidi, na sisi wengi tunapewa ili kulilinda tumbo, anaweza kupoteza asilimia 25 hadi 35 ya CellCept, ilhali Myfortic haiguswi. Sirolimasi, nayo ya kutuliza kinga, ikiwa ya tembe husagwa hadi fuwele za vipimo vya nano, na hufyonzwa kwa asilimia 27 zaidi ya ile ya maji.

Kuhusu takrolimasi mbadala zinazotengenezwa na viwanda vingine baada ya hakimiliki kwisha, sina ugomvi nazo. Kwa dawa za kawaida, mbadala hukubaliwa ikiwa mipaka ya takwimu za ufyonzwaji wake iko kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa asilia, lakini kwa takrolimasi Ulaya imeubana mlango, na jumla ya dawa inayoingia inatakiwa iwe kati ya asilimia 90 na 111. Mbadala nzuri ya dawa ya mara mbili kwa siku inanitosha kabisa, mradi nibaki na hiyo hiyo na nisipewe ya kiwanda kingine kila mwezi. Kilicho halali kulinganishwa na Prograf ni mbadala wa Prograf, na cha Advagraf ni mbadala wa Advagraf, hata kama miligramu kwenye maboksi zinafanana.

Tangu siku zile tisa, sitii sahihi kwenye kaunta kabla ya kufungua boksi. Mfamasia ninayemwendea sasa amenizoea, na mara nyingi ananitangulia: anatoa mkanda, anaugeuza, ananionyesha herufi TCS chini ya taa, kisha ndiyo ananipa kalamu.